Msumari wa Tatu

Mama alipiga simu saa tatu asubuhi, mgonjwa wa nne akiwa ameshapandisha mkono wa shati na kufumba macho, anaisubiri sindano.

"Mapazia nimeshafua," alisema, salamu zenyewe hazijakamilika. "Chumba chako kimepakwa rangi. Na mwalimu wa kwaya ameniuliza ndege inatua saa ngapi, nimemwambia."

"Mama, nina mgonjwa hapa."

"Dakika moja haimuui mtu. Jumamosi, siyo?"

Binti alimtazama mgonjwa, ambaye alikuwa amefungua jicho moja kuona sindano imefika wapi. "Jumamosi, Mama," akajibu, na sauti yake ikatoka nyembamba mpaka akajishtukia mwenyewe.

Pale kituoni, alikokuwa muuguzi, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Sindano tangu wiki ya kwanza, alipowachoma chanjo wenzake wote sita wa timu ya misheni kwa dakika kumi, Mwinjilisti akazimia akiwa amesimama. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu siku hiyo. Miaka miwili katika nchi ya watu, mbali na kwao, kwenye zahanati ya vyumba vitatu, kanisa dogo la mabati, karakana na nyumba mbili za kulala. Nyumbani waumini walidhani mmisionari anashinda akihubiri na watu wanaanguka magotini. Laiti wangejua! Kazi yenyewe ilikuwa ni kuchemsha vifaa, kugombana na pampu ya maji, kujaza fomu za vibali, na kuwashukuru akina mama wa kanisani kwao kwa sanduku la sweta arobaini, katika mji ambao hata paka wanatafuta kivuli. Zilikuwepo siku alizolala akicheka peke yake kwa furaha, na siku alizojifungia stoo ya dawa akalia kidogo, akanawa uso, akatoka kumwita mgonjwa anayefuata.

Muda wake ulikuwa unaisha. Tiketi ya Jumamosi ilikuwa mezani kwa Mama Mlezi, mkuu wa kituo, na chini yake ilikuwepo fomu ya kuongeza miaka miwili mingine, haijajazwa. "Ijumaa kwenye ibada nipe jibu moja," Mama Mlezi alimwambia. "Karatasi moja kati ya hizi nitaichana."

Ungemuuliza Sindano kwa nini anaondoka, angekujibu ni mama yake. Na asingekuwa amesema uongo, ila angekuwa amesema nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa Fundi.

Fundi wa kituo, yule mrefu mpole wa karakana, aliyeongea na jenereta kwa upole kuliko wengine wanavyoongea na wake zao. Miezi ya kwanza walikuwa chanda na pete. Walikaa benchi moja wakati wa chakula, wakacheka mambo yasiyochekesha mtu mwingine. Kisha ghafla, bila ugomvi, Fundi akahamia benchi la pili. Akija kutengeneza dirisha, alitengeneza akaondoka, chai inapoa mezani. Sindano akiomba mtu wa kumsindikiza sokoni, Fundi alimtuma Mwinjilisti, ambaye alihubiri njia nzima kwenda na kurudi. Mwanamke hahitaji kuambiwa mara mbili. Hanitaki, Sindano alijisemea, na tangu hapo moyo wake ulikuwa unafanya kazi mbili, kumpenda na kujificha.

Sasa hebu uelewe habari ya kopo. Kila Ijumaa jioni, watu saba wa timu waliandika kila mmoja ombi lake, bila jina, wakalitumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga. Kila mtu akachota moja na kuliombea wiki nzima. Kuuliza ni la nani ilikuwa mwiko. Ijumaa iliyofuata ulilitundika ukutani kanisani kwenye mmoja wa misumari miwili. Wa kulia ulikuwa wa maombi yaliyojibiwa, wa kushoto wa yale yanayosubiri. Karatasi zikiwa adimu, wote waliandika kwenye bahasha ndogo za dawa kutoka zahanati.

Ijumaa iliyopita Sindano aliandika ombi lake kwa mkono wa kushoto, herufi kubwakubwa zinazopepesuka, kwa sababu mwandiko wake ulijulikana na kituo kizima. Aliandika: *Mungu aniondolee moyoni mwanamume asiyenitaka.* Akalitumbukiza harakaharaka, kabla hajabadili mawazo.

Basi siku hiyo hiyo ya simu, Jumatano, kama saa tano, alisikia kelele nje. Mwinjilisti aliingia mbio, mikono kichwani. "Sista! Fundi kaanguka! Kwenye ngazi ya tangi la maji!"

Sindano hakumbuki alivukaje ua. Alimkuta Fundi ameshakaa, damu inamtiririka kutoka juu ya nyusi mpaka kidevuni, na anatabasamu tabasamu la mtu anayeona aibu.

"Siyo kitu," alisema. "Ngazi imeteleza."

"Ngazi iko palepale ilipo," Sindano alimjibu. "Wewe ndiye uliyeteleza. Inuka taratibu."

Katika chumba cha vidonda alimlaza, akavua pete na kuibana kwa pini ndani ya kola, akanawa, akavaa glavu, akampima presha. Namba ilipotokea ya chini mno, akashusha pumzi kwa hasira. "Umekula nini leo?"

Fundi aligeuzia macho dirishani.

"Jana?"

"Maji," alisema Fundi.

"Na juzi?"

"Juzi nilikunywa maji mengi zaidi."

"Fundi!" Alimtundikia dripu, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili aliukosa mshipa, akarudia. "Mtu mzima na akili zako, unapanda tangi na njaa ya siku tatu? Unafunga nini?"

"Siwezi kukwambia. Ni la kopo."

Sindano alichovya pamba kwenye dawa, akasafisha kidonda polepole. Macho ya Fundi yalikuwa karibu mno. Hakuwa ameyaona kwa ukaribu ule kwa zaidi ya mwaka, na alijilazimisha kuangalia nyusi tu. "Nitakushona nyuzi nne. Ganzi inauma kidogo. Usitikisike."

"Naruhusiwa kuongea?"

"Midomo haishonwi."

Fundi alisubiri ganzi iingie. Kisha akaanza, akiangalia dari. "Sheria inasema tusiulize ombi ni la nani. Haisemi tusiombe msaada, au siyo? Wewe ni mtu wa sala. Nisaidie hili, limenizidi. Kuna dada mmoja hapa kituoni anateseka. Anaomba Mungu amwondolee moyoni mwanamume asiyemtaka."

Sindano ya kushonea ilisimama hewani.

"Umeona?" alisema Fundi. "Hata wewe limekuchoma. Mimi nililisoma Ijumaa nikakosa usingizi. Nimelishikilia tangu hapo. Jumatatu nikaona maombi matupu hayatoshi, nikaanza kufunga."

Sindano alipitisha uzi wa kwanza, mkono wake ukiwa umetulia kwa mazoea tu. Mwanamume huyu alikuwa amekaa na njaa siku tatu, akimwomba Mungu amtoe yeye mwenyewe moyoni mwa Sindano. Hakujua acheke au alie.

"Unadhani ni nani?" aliuliza, kwa sauti aliyoiokota mahali fulani.

"Nadhani ni dada wa maabara. Wiki hii nzima macho mekundu."

"Yule ana mafua."

"Basi mwalimu wa watoto." Fundi alikunja uso, akakumbuka ameambiwa asitikisike, akaukunjua. "Hata hivyo sijali ni nani. Ninayemfikiria ni huyo mwanamume. Mpumbavu gani huyo! Mtu anapendwa hivyo, mpaka anaombewa aondoke kama pepo, na yeye anapita tu na hamsini zake. Nikimjua nitamwambia usoni, wewe ni mpumbavu."

"Usimwite hivyo," Sindano alisema upesi.

"Mpumbavu kabisa."

"Labda hajui."

"Atakosaje kujua? Hana macho?"

"Anayo," Sindano alisema, akapitisha uzi wa pili karibu kabisa na mojawapo.

Fundi alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Wewe huwezi kulielewa hili. Wewe una mtu wako. Jumamosi anakupokea."

"Mtu wangu nani?"

"Mwenye pete." Alisema kwa heshima kubwa, kama anayetaja marehemu. "Tangu umefika niliona umeibana kwa pini ndani ya kola, ukivaa glavu unaivua kidoleni. Mwanzoni sikuelewa. Nilipoelewa, nikajirudi. Mchumba wa mtu ni mchumba wa mtu, Sista. Nikahama benchi."

Mkasi ulidondoka kwenye sinia kwa kishindo. Sindano alikaa kwenye kigoda.

"Ile pete ni ya mama yangu," alisema.

"Eti?"

"Ya mama! Alinivisha siku ya safari. Aliniambia, mwanangu, unakwenda ugenini, binti asiye na pete anasumbuliwa, vaa hii watakuheshimu. Mimi nikaivaa kumridhisha. Sina mchumba, Fundi. Sijawahi kuwa naye. Huyo wa Jumamosi ni mwalimu wa kwaya, ambaye mama anampenda kuliko mimi ninavyomjua."

Fundi aliinua kichwa.

"Lala, sijamaliza!"

Akalala. Sindano akapitisha uzi wa tatu na wa nne. Aliweka bandeji. Akafanya anachofanya kwa kila mgonjwa. Alichukua bahasha ndogo, akahesabu vidonge vya maumivu, akaandika juu yake mbili kutwa mara tatu kwa tarakimu, 2 x 3, kwa kasi ya mkono ulioandika hivyo mara elfu. Akampa.

"Umeze ukishakula. *Ukishakula*, umenisikia?"

Fundi alikaa kitako. Aliishika bahasha, akaitazama, akaendelea kuitazama. Kisha, bila haraka, akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati lake lenye damu na kutoa bahasha nyingine, imekunjika kwa kubebwa. Akaziweka zote mbili juu ya paja.

Ya zamani ilikuwa na herufi zinazopepesuka. Lakini chini yake, kwenye mstari wa dozi, palikuwa pameandikwa 2 x 3, safi, imenyooka, na ile alama ya katikati ina kamkia kanakopinda kushoto. Kwenye bahasha mpya kamkia kalikuwa hakohako.

Sindano aliona, na masikio yake yakawaka moto. Mkono wa kushoto ulikuwa umeandika ombi kwa siri kubwa, halafu mkono wa kulia, uliozoea, ukaijaza dozi bila hata yeye kujua. Nani mwingine duniani angemwandikia Mungu dozi?

"Mimi nilidhani bahasha ilishatumika," Fundi alisema polepole. "Ila nikasema moyoni, labda ni maelekezo. Nikaomba hivyohivyo. Maombi mawili, kutwa mara tatu."

Sindano hakuweza kujizuia. Alicheka, na machozi yakaja pamoja na kicheko, akajifuta kwa mkono wenye glavu, akachafua shavu kwa dawa ya kidonda.

"Sista," Fundi aliita. Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Yule mwanamume. Nimemwita mpumbavu mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Ongeza moja." Aligusa bahasha ya zamani. "Na ombi lenyewe... Nimeomba siku tano, kwa nguvu zangu zote. Tafadhali niambie halijafanya kazi."

Sindano alimtazama. Safari hii hakutazama nyusi. "Halijafanya kazi hata kidogo, Fundi," alisema. "Limezidisha."

Fundi alinyoosha mkono usio na dripu, akamfuta dawa shavuni kwa kidole gumba, taratibu, akaurudisha mkono wake mahali pake kama mtu aliyeazima kitu cha thamani. Hawakugusana zaidi ya hapo. Haikuhitajika. Nje Mwinjilisti alikuwa anauliza kila anayepita kama Fundi yuko hai.

"Lakini Jumamosi?" Fundi aliuliza.

Jumamosi! Sindano alikuwa ameisahau.

Alhamisi mchana alimpigia mama yake, amesimama kwenye ngazi za zahanati, Fundi hatua kumi kutoka kwake akijifanya anakaza bawaba ya mlango ambayo haikuwa imelegea. Alieleza yote, kuanzia kopo mpaka kamkia. Upande wa pili mvua ya maneno ikaanza.

"Nilikutuma ukatumike au ukaolewe?"

"Mama, sijaolewa."

"Fundi! Fundi wa mashine, katika nchi nisiyoijua hata inakaa upande gani. Na mwalimu wa kwaya nimwambie nini? Mtu ameshashona suti! Miaka miwili nalala na simu chini ya mto, nikisikia tu kuna homa huko siamki vizuri. Nimehesabu siku, mwanangu. Nimepaka rangi chumba kwa mikono yangu mwenyewe." Na hapo sauti ya mama ikapasuka, na Sindano naye akalia, kwa sababu haya yote yalikuwa kweli.

"Nisamehe, Mama," alisema. "Nakukumbuka kila siku ya Mungu. Lakini nikirudi Jumamosi nitakuletea mwili tu."

Mama alipenga kamasi. "Na hiyo pete yangu ndiyo aliyoiogopa?"

"Ndiyo."

"Mwaka mzima?"

"Na zaidi."

"Kwa hiyo ni mimi niliyewachelewesha." Kisha sauti ikawa ya mama mwingine. "Angalau ana heshima. Wapo ambao hata pete kumi wangeziruka. Ana mama?"

"Alifariki Fundi akiwa mdogo."

"Masikini." Akapenga tena. "Sasa nani anamwambia ale? Siku tatu na njaa, juu ya tangi! Hebu mpe simu."

Fundi aliishika simu kwa mikono miwili. Alisema "Shikamoo, Mama," na baada ya hapo Sindano alisikia tu "Ndiyo, Mama", "Hapana, Mama", "Nitakula, Mama", na mwisho, kwa aibu kubwa, "Sweta? Ninayo, Mama. Ile ya kijani." Akamrudishia simu, jasho likimtoka utadhani amebeba jenereta.

"Mwezi wa sita mna likizo," mama alimwambia bintiye. "Mje wote wawili, akae kwenye kochi langu nimtazame usoni, aniombe kwa mdomo wake na wazee wake. Kabla ya hapo sijasema ndiyo, elewa vizuri. Na chumbani kwako hakuna atakayelala mpaka urudi."

Ijumaa jioni timu nzima ilikaa kanisani, kopo likiwa juu ya meza ndogo. Mmoja mmoja walisimama, wakatundika. Dada wa maabara alitundika kulia, Mwinjilisti kushoto, akiwa na maelezo marefu. Ilipofika zamu ya Fundi, alitembea mpaka ukutani na bandeji yake usoni, akasimama mbele ya misumari miwili, bahasha iliyokunjika mkononi. Akasimama sana.

"Kuna tatizo?" aliuliza Mama Mlezi.

"Ndiyo, Mama Mlezi. Ombi ambalo Mungu amelikataa linatundikwa wapi?"

Watu walitazamana. Mwinjilisti alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu.

"La namna hiyo hatujawahi kupata," alisema Mama Mlezi.

"Mimi ninalo," alisema Fundi. "Na ninamshukuru kwa kulikataa." Akainama chini ya benchi, akatoa nyundo. Mfukoni akatoa msumari. Akaupigilia katikati ya ile miwili, mapigo matatu yaliyotikisa mabati, akatundika bahasha, akageuka. Hakumtazama mtu mwingine ila mmoja. Dada wa maabara alimfuata kwa macho mpaka yakafika kwa Sindano, aliyekuwa anaangalia vidole vyake vitupu, na akasahau mafua yake yote.

"Ahaa," alisema Mama Mlezi taratibu. Alifungua Biblia yake, akatoa tiketi na fomu, akaziinua zote mbili juu. "Sindano, mwanangu. Nichane ipi?"

Sindano alisimama. Alikuwa ameandaa maneno tangu asubuhi, maneno mazuri, yenye mstari wa Maandiko ndani yake, na yote yakayeyuka. Kikabaki kile ambacho muuguzi anakijua hata akiwa amelala.

"Nyuzi za usoni zinatolewa baada ya siku tano, Mama Mlezi," alisema. "Nilimshona Jumatano. Jumamosi nitaondokaje?"